Kiti cha Bwana Krenn

Bwana Krenn alipanda kichwani mwa Mwanatumu Mhando asubuhi kweupe, ndani ya hema la wageni, watu wakinywa chai kwa sambusa. Hakuna aliyegeuka kutazama. Nchi ilikwisha kuzoea. Mbebaji hukaa kwenye kiti cha kukunja, fundi humchomeka pini nyuma ya sikio, mabega yake hushtuka kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya mtungi, kisha mdomo wake husema "Habari za asubuhi" kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, na hapo kila mtu hujua kwamba mwekezaji amefika. Mwili wenyewe wa mwekezaji unakuwa umelazwa kwenye kochi huko kwao, daktari pembeni, theluji dirishani.

"Karibu Kwamnele, Bwana Krenn," alisema Ngoda, afisa wa Mamlaka ya Wageni wa Mtaji, akimshika Mwanatumu mkono kwa mikono yake miwili. "Karibu tena nyumbani."

Hilo neno "tena" lilimchoma Mwanatumu. Hakukunja uso, maana uso haukuwa wake kwa wakati huo. Alikaa nyuma ya macho yake mwenyewe kama mpangaji aliyesukumiwa chumba cha uani, akasema kimoyomoyo, mahali ambapo mgeni wa kina cha kwanza hawezi kusikia, "Karibu, mzee. Nimekungoja sana. Leo hutoki."

Kazi hii ya kubebana ilizaliwa na sheria nzuri. Zamani wageni walikuwa wakinunua ardhi kwa kutazama ramani. Mtu ameketi ghorofani ng'ambo, anavuta mstari kwa kalamu, na huku vijiji vitatu vinafungasha vyungu. Bunge likachoka, likapitisha Sheria ya Kukanyaga: mgeni hapewi hata kiwanja cha banda la kuku mpaka aikanyage ardhi anayoitaka, ainuse, aseme na wanaoishi juu yake. Ilikuwa sheria ya kujivunia, na ilijivuniwa mpaka wawekezaji walipoacha kuja. Safari ni ndefu, jua ni kali, mbu wapo, na nchi jirani hazina masharti hayo. Ndipo wanasheria, watu ambao hata kwenye yai hupata mlango, walipogundua kwamba sheria inamtaka mgeni akanyage, lakini haisemi akanyage kwa miguu ya nani.

Wakaja wabebaji. Kina cha kwanza, mgeni anapata macho, masikio na mdomo. Kina cha pili anapata mwili mzima. Jua linamchoma yeye, kiatu kinambana yeye. Kina cha tatu ndicho cha mkataba. Hapo mgeni anafungwa ndani ya mbebaji, kidole cha mbebaji kinakuwa kidole chake mbele ya sheria, na kila neno atakalolitamka linanaswa na shahidi, kisanduku cheusi kinachokaa mezani na kupeleka yote kwa Msajili papo hapo. Hakuna kukana kesho. Siku za mwanzo mbebaji mmoja alifia kina cha tatu kwa sababu mgeni wake alikataa kushuka kabla hajamaliza kubembeleza bei. Wabebaji wakaja juu, wakagoma, wakaipata haki moja: kina cha tatu hakifunguliwi na mgeni wala na Mamlaka. Kinafunguliwa na mkono wa mbebaji peke yake. Mwingine akiing'oa ile pini kwa nguvu, amewaua wote wawili.

Watu wa pwani hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Mgeni anapanda kichwani, anasema kwa mdomo wa mwenyeji, anadai vyake, kisha anashuka. Mambo hayo waliyajua tangu enzi za mabibi. Wakawaita wabebaji viti, kama wanavyowaita watu wanaopandwa na pepo, na jina likakaa.

Mwanatumu alikuwa kiti hodari. Alikwisha kubeba wenye hoteli, wenye mkonge, na bibi mmoja mwenye viwanda vya saruji aliyemshurutisha kula pweza asubuhi mpaka jioni. Mamlaka ilimjua kama binti wa mjini. Hakuna aliyemuuliza alikozaliwa, naye hakuona sababu ya kusema. Alizaliwa hapa Kwamnele, katika nyumba iliyotazamana na ukuta wa bwawa la tope la Kampuni ya Vandrel, mali ya Bwana Krenn. Ukuta ule ulipopasuka ulizoa zamu nzima ya vijana wa machimbo, na mmoja wao alikuwa Mbwana, mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe alimlea mgongoni baada ya mama yao kufariki. Vandrel walisema ni mvua, kazi ya Mungu. Walisema tope limewasukuma vijana mtoni, mto umewapeleka baharini, hawapatikani. Wakafunga virago. Sasa walikuwa wamerudi kwa jina jipya, Asubuhi Njema Madini, wanataka mchanga mweusi uliosalia.

Kijiji kizima kilimtambua Mwanatumu aliposhuka kwenye gari la Mamlaka. Kijiji kizima kikanyamaza.

*

Fundi alimzamisha mgeni kina cha pili, wakatoka kukagua eneo. Tope la zamani lilikuwa limekauka na kuwa uwanja mpana wa kijivu, majani yakiota hapa na pale kwa kusitasita. Pembeni lilisimama katapila jipya lililofungwa utepe, tayari kwa uzinduzi.

"Ajira, Bwana Krenn," alikuwa akisema Ngoda, akitembea kinyumenyume ili asimpe mgeni mgongo. "Vijana wetu hawataki sadaka, wanataka kazi. Mkituwekea mtambo wa kusafishia hapahapa, wilaya hii itaamka."

Ngoda hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Mwanatumu. Mtu mbaya ungemtemea mate ukaenda zako. Ngoda alikuwa ameiona hospitali ya wilaya ikifanya upasuaji kwa tochi, ameona majirani wakijenga reli, akakata shauri kwamba nchi maskini haina haki ya kununa. Aliwatabasamia wageni kama anayesukuma gari bovu mlimani. Alijua akiacha kidogo tu, litarudi na kumponda.

"Eneo zuri," ulisema mdomo wa Mwanatumu. "Lina utulivu."

Walipofika karibu na nguzo za lililokuwa ghala, moyo wa Mwanatumu uliruka. Yeye mwenyewe hakuwa ameogopa kitu. Viganja vililowa, magoti yakataka kugeuka. Ilikuwa hofu ya mgeni, imemwagika ndani ya mwili wa kuazima bila mwenyewe kujua kwamba mwenye mwili anaionja. Halafu akagundua na jambo jingine. Bwana Krenn alitazama nguzo ya kwanza, akaitazama ya tatu, lakini baina ya hizo palikuwa na kipande cha ardhi ambacho macho yalikiruka kila yalipopita, kama mtoto arukavyo mlango wa chumba alichofia mtu.

Mwanatumu akahisi damu ikimchemka. Anajua walipo! Miaka yote tumesoma hitima juu ya bahari, tumetupa maua kwenye maji, na huyu mzee anajua walipo.

Mpaka pale mpango wake ulikuwa mmoja tu. Mzee wa umri wa Bwana Krenn, madaktari wake walikwisha kuonya, kina cha tatu akikaa zaidi ya saa mbili tatu, moyo wake hauhimili. Mwanatumu hakuhitaji kisu wala sumu. Alihitaji kutia kidole, kukunja mikono, na kukataa kuigusa pini. Sasa mpango ule ukaonekana mdogo. Kumuua mtu na siri yake mdomoni ni kumfichia.

*

"Kabla hatujatia kidole," alisema Ngoda waliporudi hemani, "akina mama wa Kwamnele wana mila yao fupi ya kumpokea mgeni."

"Kwa furaha kubwa," alijibu Bwana Krenn. "Kampuni yetu huheshimu mila za wenyeji."

Hata wanasheria wake waliidhinisha, tena wakashauri mgeni azamishwe kina cha tatu kwanza, ili makaribisho hayo yanaswe na shahidi kama ridhaa ya wananchi. Hapo ndipo watu werevu walipoteleza. Waliona vigoma na ubani, wakadhani ni dansi ya watalii. Fundi alizungusha kipimo, kisanduku cheusi kikawaka taa, na Mwanatumu akasikia mlango ukifungwa ndani ya kichwa chake.

"Kuna mtu humu?" aliuliza Bwana Krenn kwa ndani, maana kina cha tatu mgeni na mwenyeji husikiana.

"Mwenye nyumba," alijibu Mwanatumu.

Bi Mtumwa Sekibaha aliingia na wanawake wake. Huyu ndiye aliyekuwa fundi wa pepo wa Kwamnele, mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza, siku za kawaida muuza taa za sola, mkorofi wa bei. Mwanawe Hatibu alikuwa zamu moja na Mbwana. Alimfunika Mwanatumu shuka jeupe mabegani, akafukiza ubani, vigoma vikalia kidogo vikakatwa.

"Haya, mgeni! Umepanda, hujasema. Nani wewe?"

"Naitwa Halvard Krenn. Nimefurahi kuwa pamoja nanyi."

"Umetoka wapi?"

"Kaskazini. Mbali sana."

"Unataka nini kwa mtoto wetu?"

"Nataka ushirikiano wa kuleta maendeleo endelevu."

Wanawake waliangua kicheko, mmoja akajipiga mapaja. "Pepo mwongo huyu!" alisema Bi Mtumwa. "Wenziwe huomba halua, huomba shuka jekundu. Yeye anaomba maendeleo! Sikiliza, mgeni. Kwetu hapa pepo hashuki mpaka aseme alichomfanyia kiti. Akisema, tunamwachia aende kwao salama, na hiyo ni ahadi yangu mbele ya wote hawa. Asiposema, anakaa. Umetufanyia nini?"

Ngoda alicheka, akatazama saa. Bwana Krenn naye alicheka kwa mdomo wa Mwanatumu. "Asanteni kwa makaribisho mazuri. Sasa tutie kidole." Lakini mkono haukuinuka. Kwa sheria kidole kilikuwa chake. Misuli ilikuwa ya Mwanatumu, na Mwanatumu alikuwa amekataa.

"Kuna hitilafu," alisema Bwana Krenn. "Nishusheni tafadhali."

Fundi alimtazama Ngoda. "Hapo mimi siwezi, Mheshimiwa. Ni yeye binti tu."

Mdomo ule ule ukafunguka tena, safari hii kwa sauti ya Kwamnele. "Shikamoo, Bwana Ngoda. Samahani kwa usumbufu. Mimi ni Mwanatumu Mhando, dada yake Mbwana Mhando wa zamu ya asubuhi. Huyu mzee ataulizwa swali, atajibu, shahidi anasikia. Mkinigusa, mmetuua sote wawili."

Ngoda alimsogelea hatua moja, akasimama. "Yarabi," alisema. "Yarabi, binti yangu, unafanya nini?"

Alichofanya Mwanatumu kilikuwa kumngoja Krenn. Alikaa na yule mzee ndani ya kichwa kimoja, akamwacha ahangaike. Bwana Krenn aliahidi zahanati. Akaahidi shule. Akatisha kwa mahakama za nchi ambazo Mwanatumu hajawahi kuzisikia. Kila alipomaliza, Bi Mtumwa aliuliza tena lile lile, bila kupandisha sauti, kama anayemdai mteja sugu. Muda ukaenda. Huko kaskazini puani mwa mzee mlianza kutoka damu. Daktari alimpigia Ngoda, na Ngoda akasema kwa simu, "Ndiyo, tunashughulikia," huku jasho likimtiririka.

"Utaniua," alisema Bwana Krenn kwa ndani.

"Ndiyo," alijibu Mwanatumu, na kwa kuwa walikuwa kina kimoja, mzee alihisi kwamba hakudanganywa hata chembe.

Basi akasema. Alisema kwa sauti ndogo, na watu walisogea ili wasikie. Alisema ukuta wa bwawa ulikuwa na ufa na wahandisi walimwambia. Alisema kuutengeneza kungesimamisha uchimbaji katika mwezi ambao wanunuzi wakubwa walikuwa wanakuja kutazama. Alisema vijana wa zamu walikuwa wakifungiwa ndani ya kontena la ghala kila mapumziko ili wakaguliwe wasiibe madini, na siku ile ukuta ulipopasuka walikuwa bado wamefungiwa, na mwenye ufunguo alikimbia. Hawakwenda mtoni. Kampuni ilipima kwa mitambo, ikalikuta kontena, ikaona kwamba likifukuliwa, kufuli litaonekana kwa nje. Wakaamua iwe mto.

Bi Mtumwa alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Wako wapi?" aliuliza.

"Kati ya nguzo ya kwanza na ya tatu," alisema Bwana Krenn. "Sasa niachieni. Nimesema."

"Utakwenda kuonyesha," alisema Mwanatumu.

*

Dereva wa katapila alikuwa kijana wa Kwamnele. Hakungoja amri ya Ngoda. Alipanda na utepe wake wa uzinduzi ukiburuzika, na mtambo ulioletwa kufungulia mradi ukaanza kufungua tope. Kijiji kilisimama pembeni. Meno ya chuma yalipogonga bati, watu waliingia shimoni na majembe, na Mwanatumu akaingia nao, akamkabidhi Bwana Krenn mikono yake yote.

"Chimba," alimwambia.

Mzee alichimba. Kucha zilivunjika, viganja vikachubuka, na maumivu yaliwapata wote wawili, lakini Mwanatumu aliyapenda. Alitaka yazidi. Kwa kila pigo la jembe alimsikia mzee akiguna ndani yake, naye akajibu moyoni, hilo la Mbwana, hilo la Hatibu, hilo la mama aliyetupa maua baharini. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kisasi kina ladha. Kilikuwa kitamu, na hakuona haya.

Ngoda aliteremka shimoni na viatu vyake vya ofisini, simu sikioni. "Daktari anasema moyo unaruka. Mwanatumu, nisikilize. Amekiri, maneno yake yako kwa Msajili, hachomoki. Mfunge jela, mfilisi, mimi mwenyewe nitasimama shahidi. Lakini akifia ndani yako, hakuna mgeni atakayepanda tena kichwa cha mtu wa nchi hii. Wenzako wote wanakula kwa sababu wageni wanaamini kwamba wakipanda watashuka."

"Ulimwambia karibu tena nyumbani," alisema Mwanatumu bila kugeuka.

"Nilimwambia. Ningemwambia hata shetani, kama angekuja na mtambo." Ngoda alifunika simu kwa kiganja. "Sikujua kuhusu kufuli. Wallahi sikujua."

Kufuli lilionekana. Lilikuwa limeota kutu likawa donge, lakini lilikuwa mahali pake, kwa nje. Mtu mmoja alilipiga kwa nyundo. Mlango ukafunguliwa, na waliokuwa mbele walirudi nyuma, si kwa harufu, maana harufu ilikwisha zamani, bali kwa jinsi vijana walivyokuwa wamekaa karibukaribu.

Mwanatumu aliijua kofia kabla ya mifupa. Ilikuwa kofia ngumu ya njano, na mbele yake palikuwa na jina Mbwana kwa rangi nyekundu ya kucha. Rangi yenyewe ilikuwa ya dada mtu; alimgombeza kijana kwa kummalizia chupa, na kijana akacheka, akakimbia kazini.

"Nimekuonyesha," alisema Bwana Krenn. Sauti yake ya ndani ilikuwa imechoka, imekonda. "Niachie. Nakuomba. Siwezi kupumua."

Bi Mtumwa alikuwa amepiga magoti mlangoni mwa kontena, akitafuta kwa macho fuvu lipi katika yale lilikuwa la mwanawe. Aliongea bila kuinua kichwa. "Mwachie, mwanangu."

"Wewe ndiye unasema hivyo? Hatibu yumo humu!"

"Yumo. Na kufa kwa huyu mzee nakutaka kuliko wewe. Lakini nilimwahidi kwamba akisema ataondoka, na amesema. Tangu nianze kazi hii sijamzuia pepo aliyesema ukweli. Nikianza leo, kesho nani atasema?"

Mwanatumu aliinua mkono uliojaa tope na damu, akaweka kidole juu ya pini. Hakubonyeza. Chini ya kidole chake palikuwa na uhai wa mtu, na ndani ya kifua chake moyo wa mtu yule ulikuwa ukipapatika. Amwache aende? Akalale kwenye shuka safi, apewe supu, awaite mawakili? Hata jela za kwao zina theluji nzuri dirishani. Atakuwa ameyasema yote, na hatakuwa amehisi hata moja.

Hapo ndipo alipokumbuka onyo ambalo kila kiti hupewa na viti wenzake, na ambalo Mamlaka husema ni uzushi. Moyo uache nyumbani. Wawili wakihisi kitu kimoja katika kina cha tatu, na kikawa kikubwa, hisia hiyo huondoka na mgeni anayeshuka. Mwenziwe Tunu alimbeba mzee aliyeipenda harufu ya bahari mpaka akalia. Mzee aliposhuka, Tunu hakuinusa bahari tena. Ndiyo maana viti hodari hujifunza kuwa watupu kama mtungi.

"Bwana Krenn," alimwita kwa ndani. "Nakuachia. Lakini huondoki mikono mitupu."

Aliichukua ile kofia akaikumbatia, akaufungua moyo ambao alikuwa ameufunga tangu siku ya tope. Akamleta Mbwana mwenye homa, mgongoni, akimtapikia shingoni. Akamleta Mbwana aliyeunguza maharage, akayaficha uvunguni, akakana huku ana moshi kichwani. Akamleta akiwa amevaa buti za kwanza za kazi, kubwa kuliko miguu, akitembea barazani ili zisikike. Akaleta sahani yake iliyofunikwa kwa kawa kila usiku kwa mwaka mzima, kwa sababu dada mtu hakuweza kuacha kupakua. Hakubakiza. Aliona huzuni yake ni pana kiasi kwamba ungegawa kwa wawili na bado kila mmoja angezama. Mzee alipiga kelele. Kelele ilitoka kwa mdomo wa Mwanatumu, na watu shimoni wakadhani ni yeye anayeomboleza.

"Chukua," alisema. "Chukua yote, mbwa wewe. Kalale nayo."

Akabonyeza pini.

Mabega yalishtuka, kisha kichwa kikawa chepesi, chumba kimoja tu, chake. Aliketi palepale kwenye tope, kofia mapajani, akajiandaa kulia. Miaka yote alikuwa ameahirisha kilio hiki kwa kuwa hapakuwa na maiti. Unalia vipi juu ya bahari? Sasa maiti ilikuwapo. Kandokando yake wanawake walikwisha kuanza, Bi Mtumwa amempata Hatibu, anaita jina lake kwa sauti ya kupasua jua.

Kilio hakikuja.

Alimtazama Mbwana. Alijua kila kitu. Alijua huyu ni mdogo wake, alijua homa, maharage, buti na sahani. Angeweza kumsimulia mtu yeyote bila kukosea. Yalikuwa kama habari za familia ya jirani. Alijifinya paja, akajaribu kusema "mdogo wangu" kwa sauti, na lilitoka neno tu. Akaona kwamba hata ile hasira tamu ya mchana ilikuwa imekwenda, maana ilikuwa imesimama juu ya huzuni, na huzuni ilikuwa imechukuliwa na mgeni.

Ngoda alisimama ukingoni mwa shimo, simu imemshuka hadi kifuani. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Yuko hai," alisema. "Wanasema ameamka, lakini hawamwelewi. Anamwita Mbwana. Anasema ni mtoto wake, amemlea mgongoni. Anapiga kichwa ukutani. Wamemchoma sindano ya usingizi, na bado analia."

Wanaume waliokuwa wakichimba waliitikia kwa kunguruma, na mmoja akasema, "Alie mpaka kiyama." Bi Mtumwa alimgeukia Mwanatumu, macho yamevimba, akamnyooshea mkono. "Umetulipizia, mwanangu. Sasa njoo tuwalilie wetu."

Mwanatumu alimwendea. Alikaa baina ya wanawake, akapokea kanga aliyopewa, akajifunika gubigubi kama wafiwa wanavyojifunika, ili watu wasimwone macho. Wenzake walilia mpaka wakakauka sauti, wakamshikilia wakidhani naye analia. Huko mbali, kitandani kwake, mtu mmoja duniani alikuwa akimlilia Mbwana Mhando kama anavyostahili kuliliwa. Chini ya kanga, macho makavu, dada yake Mbwana alimwonea wivu mzee yule.